Uainishaji wa Awali wa Chaja, Balbu na Sabufa za Mwankoko

Wanazuoni wa mimea walishaainisha migunga ya nyanda za kati, na wanazuoni wa ndege hawajambo na heroe wa Ziwa Singidani. Lakini mpaka leo hakuna aliyeketi chini akaainisha viumbe wanaopatikana karibu katika kila nyumba ya kata ya Mwankoko, wanaozaliana nyuma ya kabati, wanaokula umeme, na ambao baadhi yao huuma: chaja, balbu, sabufa, ekstensheni na jamaa zao. Pengo hili la kitaaluma ni aibu. Makala hii inakusudia kuliziba, au angalau kulitia kidole tuone kama litatupiga.

Mwankoko ni kata ya Manispaa ya Singida, nje kidogo ya mji, nchi ya alizeti, vitunguu na mawe makubwa. Mjini wanaijua zaidi kwa visima vyake virefu. Umeme unaofika hapo ni wa TANESCO, volti 230 na hezi 50 kwa mujibu wa karatasi, na hulipiwa kwa LUKU. Nyumba isiyotandazwa nyaya ukutani yaweza kuwa na UMETA, yaani Umeme Tayari, kile kiboksi chenye soketi na swichi zake kilichokuja na miradi ya umeme vijijini. Walio mbali na nguzo wana sola. Mtafiti, kwa hiyo, hakosi makazi asilia ya kila aina.

Kuhusu mbinu: sampuli zilitafutwa kwenye vibanda vya kuchajia simu, juu ya kabati za televisheni, chini ya vitanda, na kwenye makopo ambamo mafundi huhifadhi vifaa vilivyokufa vikisubiri ufufuo. Kila sampuli ilipimwa uzito kiganjani, ikanuswa, ikaguswa ikiwa imechomekwa, kisha ikasogezwa karibu na redio. Sampuli zilizotoa moshi zilihesabiwa kuwa zimekataa kushiriki.

Ugumu wa kwanza ulikuwa kigezo. Wauzaji wana uainishaji wao, ambao ni mkongwe kuliko huu wetu, na ni haki usikilizwe kwanza.

"Kaka, hii chaja ni OG?"

"OG kabisa, mama yangu. Ila kuna OG ya elfu tatu, kuna OG ya elfu nane, halafu kuna OG yenyewe. Hiyo mpaka niagize Kariakoo."

Uhalisi, basi, una madaraja, na daraja la juu kabisa halimo dukani. Chini ya OG kuna kopi, mchina na feki, ingawa hakuna muuzaji aliyewahi kukiri kuwa nayo feki. Feki siku zote huuzwa na duka la jirani. Utaifa nao haufai kuwa kigezo, maana OG na feki karibu zote zimezaliwa China, pengine katika mtaa mmoja. Tuliamua hatimaye kuuliza swali moja tu kwa kila kiumbe: huyu akimuua mtu, nani ataitwa kujibu? Kwa kigezo hicho viumbe wa Mwankoko wanagawanyika katika himaya nne, na moja ya ziada ambayo hatukuitaka.

Himaya ya kwanza ni ya Wenye Vyeti. Kisheria, kila kiumbe angepaswa kuwa humu. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lilianzishwa kwa sheria ya 1975 na sasa linafanya kazi chini ya sheria ya 2009. Tangu 2012 lina utaratibu wa kukagua bidhaa hukohuko zitokako: mawakala wake nje ya nchi hupima, hutoa cheti cha ubora, ndipo mzigo hupanda meli, usiokuwa na cheti hukaguliwa ukifika. Kenya ilianza mtindo huo mapema zaidi, 2005, na kwao bidhaa ya nje hubandikwa stika ya shirika lao, KEBS. Zanzibar ina taasisi yake ya viwango, ZBS, kwa sheria ya 2011. Na tangu 2006 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya pamoja ya viwango, ambayo kwayo bidhaa iliyothibitishwa Nairobi haitakiwi kuanza upya kujieleza Singida.

TBS hayuko peke yake. Kiumbe yeyote anayerusha mawimbi, iwe simu au sabufa ya Bluetooth, ni lazima aina yake ithibitishwe na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Na kama jina alilovaa si lake, anaingia mikononi mwa Tume ya Ushindani, FCC. Sabufa moja ya Bluetooth, kwa hiyo, ina walezi watatu: mmoja anauliza kama itaua, wa pili anauliza inapiga kelele gani hewani, wa tatu anauliza kama jina lake ni la kwao. Watoto wengi wa Mwankoko wamekua kwa walezi wachache zaidi.

Tabia kuu ya himaya hii ni kwamba cheti hakisafiri na kifaa. Cheti ni cha shehena. Kimekaa kwenye faili Dar es Salaam. Katoni hufunguliwa Kariakoo, chaja hutolewa kwa dazeni, huchanganywa na dazeni nyingine zilizopita njia nyingine, kisha zote hupanda basi pamoja. Baada ya kilomita takriban 700 mpaka Singida, yenye cheti na isiyo nacho zimeshakuwa ndugu. Himaya ya Wenye Vyeti ipo, hatuna shaka, lakini kwa macho haitambuliki Mwankoko, nasi tunaiacha kwenye orodha kwa heshima.

Mara moja tu dola ilijaribu kutenganisha ndugu hao kwa mkupuo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima, kwa kutumia namba ya IMEI ambayo kila simu hubeba tumboni. Kenya ilikuwa imefanya hivyo 2012. Katika elimuviumbe hii ni tukio la nadra: aina nzima kutoweka saa sita usiku. Mtafiti hana budi kuongeza tanbihi kwamba zilizozimwa ni simu. Chaja zake zilibaki hai, kwa sababu chaja haina IMEI, na hadi leo zingine zinachaji simu zilizo halali kabisa.

Himaya ya pili, Wenye Alama, ndiyo kubwa kuliko zote, na hapa msomaji avute kigoda.

Geuza chaja yoyote utazame mgongo wake. Utakuta maandishi madogo ambayo wataalamu wa kale wa Misri wangeyaonea wivu. Kuna CE. Kuna FCC. Kuna UL ndani ya duara. Kuna almasi yenye herufi PSE, ambayo ni ya Wajapani, na CCC, ambayo ni ya Wachina wenyewe, ikaanza kudaiwa kwao tangu 2003. Kuna pipa la taka lililopigwa mkasi, lenye maana kwamba kifaa kisitupwe na taka za kawaida. Mwankoko inalitii agizo hili kuliko Ulaya, kwa kuwa haitupi kifaa chochote. Kuna mraba ndani ya mraba. Kuna namba VI ya Kirumi, inayohusu umeme unaopotea chaja ikikaa bure. Na kuna picha ya nyumba ndogo, ambayo msomaji asiitafsiri vibaya: inasema tu kwamba kifaa kitumike ndani, pasipo mvua.

Alama hizo zinasemaje? CE haisemi kwamba chaja imepimwa Ulaya. Inasema kwamba mtengenezaji mwenyewe ametamka, kwa dhamana yake, kuwa ametimiza masharti ya Ulaya: ya usalama wa volti, yaliyoanzia kwenye agizo la 1973, na ya utangamano wa sumakuumeme, yaani kifaa kisivuruge vingine kwa kelele zake, yaliyoanzia 1989. Kwa chaja ya kawaida hakuna lazima ya maabara ya mtu wa tatu. Kiapo hicho kina nguvu pale tu ambapo mwapaji ana anwani na polisi wanaijua njia ya kufika. Kuna mafundi wanaoamini kwamba CE yenye herufi zilizokaribiana ni alama nyingine, yaani "China Export". Nadharia hiyo imezunguka dunia nzima, na tunaikataa: Kamisheni ya Ulaya ilipoulizwa na wabunge wake ilijibu kwamba haina habari ya alama ya namna hiyo. Herufi zilizobanana ni za mtu aliyenakili vibaya.

UL si serikali. Ni taasisi iliyoanzia Chicago 1894, enzi ambazo kampuni za bima zilikuwa na sababu nzuri ya kuuogopa umeme. Ama FCC, hapa tunaonya wanafunzi. FCC iliyoandikwa kwenye chaja ni Tume ya Mawasiliano ya Marekani, inayohangaika na kelele za mawimbi. FCC ya Tanzania ni Tume ya Ushindani, inayohangaika na bidhaa bandia. Inawezekana kabisa, basi, kukuta chaja bandia iliyopigwa muhuri wa FCC ikisubiri kuteketezwa na FCC. Hatujui sayansi nyingine yenye bahati ya namna hii.

Uchunguzi wa muda ulituwezesha kutunga Kanuni ya Kinyume: alama huongezeka kadiri uzito unavyopungua. Chaja nzito huwa na alama tatu nne, zilizochapwa kwa unyonge. Chaja nyepesi hubeba nembo za mabara manne, na hata za nchi ambazo plagi yake haiingii ukutani. Kwa msingi huo himaya hii ina oda mbili: Wazito wa Alama Chache, na Wepesi wa Alama Nyingi.

Wazee wa Mwankoko wanaoipima chaja kwa kuirusharusha kiganjani hawafanyi ushirikina. Uzito uliopungua umetoka mahali. Kwanza umetoka kwenye kichujio cha mlangoni: koili na kapasita zinazozuia kelele za chaja zisirudi kwenye nyaya za nyumba. Pili umetoka kwenye transfoma, ambamo shaba imepunguzwa pamoja na tabaka za utepe wa kuhami. Tatu umetoka kwenye fyuzi, ambayo haikuwekwa. Mpimaji wa kiganja, pasipo kujua, anapima usalama na utangamano kwa mkupuo mmoja. Kasoro ya kipimo hiki ni kwamba wajanja nao wanakijua. Pawabenki zimeshafunguliwa zikakutwa na mchanga.

Vipimo vingine vya mtaani vina thamani yake. Harufu ya plastiki inayoungua ni kipimo cha joto, na maabara wanacho cha kwao: waya uliopashwa mpaka nyuzi mia kadhaa, kwa vifaa vingine hata 850, hugandamizwa kwenye plastiki waone kama moto utaendelea. Maabara wana pia kidole cha chuma, kipenyo milimita 12, urefu milimita 80, chenye viungo vinavyokunjika, cha kuchokonolea kila tundu la kifaa ili kujua kama binadamu angefikia penye umeme. Mwankoko hutumia kidole halisi, na majibu hupatikana papo hapo.

Kipimo cha redio ndicho tunachokisifu zaidi. Mwaka 1934 wataalamu walikutana Paris kuunda CISPR, kamati ya kimataifa ya kupambana na kelele zinazoharibu redio, kwa kuwa mitambo ya Ulaya ilikuwa inakoroma ndani ya matangazo. Kanuni zake bado ndizo msingi: kelele zinazotembea kwenye waya hupimwa kuanzia kilohezi 150 hadi megahezi 30, zinazoruka hewani kuanzia hapo kwenda juu. Chaja hukatakata umeme makumi elfu ya mara kwa sekunde, na mwangwi wa ukataji huo hupanda ngazi hadi kwenye mawimbi ya kati ya redio, kati ya kilohezi 531 na 1602. Balbu za LED za bei ya chini huchafua mpaka FM. Mwankoko haina chumba cha kupimia chenye kuta za sifongo. Ina mzee mwenye redio, siku Simba na Yanga zinacheza, anayesema kutoka barazani, "Hebu zimeni hiyo taa ya nje, tusikie." Taa inazimwa, mtangazaji anarudi. Balbu imefeli CISPR mbele ya mashahidi.

Televisheni ilikuwa shahidi bora zaidi. Zamani kelele za umeme zilionekana kwa macho: chenga. Mtu akiwasha mashine ya kushonea ya mota, chenga zinapita kwenye skrini, nawe unajua jirani ndiye. Kisha, kuanzia 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ikitangulia, tukahama analojia, vikaja ving'amuzi. Kelele hazikuhama. Siku hizi picha inaganda, inakatika vipande vya mraba, na lawama inapewa mvua au kifurushi. Chenga zilikuwa zinamtaja mkosaji. Picha iliyoganda haimtaji mtu.

Sasa tufike kwenye kipimo kinachoheshimiwa kuliko vyote, nacho ndicho kinachopotosha kuliko vyote: kutekenya. Mtu amesimama peku juu ya sakafu ya saruji, simu iko kwenye chaji, anaishika ubavuni penye chuma, anahisi umeme ukimtekenya vidole. Hukumu hutolewa hapohapo: chaja mbovu, feki, irudishwe.

Tuichambue hukumu hiyo polepole. Chaja ya pini mbili haina ethi. Ndani ya transfoma yake upande wa volti 230 na upande wa simu hazigusani, lakini kelele za masafa ya juu huruka pengo, zikashuka kwenye waya wa chaji, na waya huo ukawa antena. Dawa ya wahandisi ni kapasita ndogo ya aina maalumu, iitwayo Y, inayounganisha pande mbili hizo na kuzipa kelele njia fupi ya kurudi zilikotoka. Redio ya mzee inapona. Lakini kapasita hiyo hupitisha pia chembe ya umeme wa hezi 50, na chembe hiyo ndiyo inayotekenya. Viwango vinaijua: kwa vifaa vya namna hii visivyo na ethi kikomo cha mkondo unaoweza kuguswa kimekuwa robo ya miliampea. Inasikika, haidhuru. Na kapasita ya Y hutengenezwa ili ikifa ife kwa kukatika, isife kwa kuungana, maana ikiungana mwenye simu ameshika laini.

Chaja ya Wepesi wa Alama Nyingi mara nyingi haina kapasita hiyo. Ni senti zimeokolewa. Kwa hiyo haitekenyi. Imetulia mkononi, ina adabu, na mnunuzi anaisifu. Pengine ndani yake laini ya volti 230 na tundu la USB zimetenganishwa na upana usiofika milimita moja, mahali ambapo viwango vingetaka milimita tano au sita, na transfoma yake isingestahimili jaribio la volti 3000 ambalo maabara huiwekea. Hilo halinuki wala halitekenyi, na redio hailisikii. Hukaa kimya mpaka siku ya unyevu, au siku volti inaporuka. Mwaka 2016 UL walichukua chaja 400 bandia zilizoiga za Apple wakazipima. Zilizopita majaribio ya msingi ya usalama zilikuwa tatu. Miongoni mwa zilizofeli, 12 ziliundwa vibaya kiasi cha kuweza kuua mtu. Makala hii inakisia kwamba baadhi ya hizo zingekaribishwa vizuri sana Mwankoko.

Kwa maneno ya kitaaluma: mtaa unavigundua vifaa vyenye kero, na vyenye kuua unaviruhusu vipite.

Himaya ya tatu ni ya Walioletwa na Wajomba. Hawa hawakuja kwa shehena. Wamekuja ndani ya begi, kati ya manukato na viatu, na cheti chao ni neno la mletaji. Wa kutoka Oman wana tabia njema: plagi ni ileile ya pini tatu bapa, volti 240, na wengine wana alama ya G ya nchi za Ghuba. Wa kutoka Ulaya huja na pini za duara na huingizwa kwa nguvu. Brenda iliyotoka Marekani, iliyozoea volti 120, huishi Mwankoko maisha mafupi yenye mwendo mkali. Wa kutoka Japani, volti 100, humfuata brenda kaburini. Hapa wanaingia pia magari ya mtumba ya Kijapani, ambayo redio zake zililelewa kusikia FM kuanzia megahezi 76 hadi 90. Huku stesheni zetu zinakaa kati ya 88 na 108. Mwenye gari, mpaka anunue kipanua bendi, anabaki na stesheni za chini ya 90, na kuzisikiliza kwa uaminifu ambao wenye stesheni hawajui chanzo chake.

Himaya ya nne ni ya Kienyeji, na Singida haihitaji kuelezwa maana ya kienyeji, hata kama hapa hatuzungumzii kuku. Mfano wake halisi ni ekstensheni ya mbao: ubao, soketi mbili, holda ya taa, swichi, na waya ambao unene wake uliamuliwa na mfuko wa siku hiyo. Upande wa usalama kiumbe huyu hufeli kila kifungu cha kila kiwango. Upande wa utangamano wa sumakuumeme hana dosari. Hana elektroniki ndani, hakatakati umeme, hatoi kelele yoyote; angeingizwa kwenye chumba cha kupimia cha Ujerumani sindano isingetikisika. Koili ya kuchemshia maji ni ya familia hiyohiyo. Tunapendekeza waitwe Wauaji Watulivu, na tunapita.

Kabla ya kupita, hata hivyo, kuna chombo kimoja cha himaya hii kinachostahili aya yake: kijiti. Soketi yetu ya pini tatu ni kiwango cha Uingereza, BS 1363, cha 1947. Kamati iliyoitunga mizizi yake wakati wa vita ilikuwa na mwanamke mmoja, mhandisi Caroline Haslett, aliyesimamia kwamba matundu ya umeme yafunikwe kwa vijimlango ili mtoto asiweze kuingiza kitu. Vijimlango hufunguliwa na pini ya ethi, iliyo ndefu kuliko wenzake. Chaja ya pini mbili haina pini hiyo. Mwankoko, na Tanzania nzima, imelitatua tatizo hilo kwa kijiti, au kifuniko cha kalamu, kinachoingizwa tundu la juu. Vijimlango vinafunguka, pini mbili za duara zinapenya, na kijiti kinabaki humo kikishikilia. Watoto ndio wenye ujuzi zaidi wa kazi hiyo.

Tundu la juu, lile la kijiti, ni la ethi, na ethi ya Mwankoko inahitaji kuelezwa ekolojia yake. Vifaa vya daraja la kwanza, yaani pasi, friji, jiko, vyote vyenye maganda ya chuma, vimepimwa kwa dhana kwamba waya wa ethi unafika ardhini na ardhi inapokea. Ardhi ya Singida ni mchanga juu ya mwamba wa matale. Mvua zikinyesha, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, fimbo ya ethi inakaa kwenye unyevu na kazi inafanyika. Kiangazi kikishika, udongo unaoizunguka fimbo unakauka, ukinzani unapanda, na umeme ukivuja kwenye ganda la friji hauoni sababu ya kwenda chini wala fyuzi haioni sababu ya kukatika. Kwa hiyo tumelazimika kuweka ngeli ya msimu: friji ambayo ni daraja la kwanza wakati wa masika na haina daraja kuanzia Juni. Dawa inajulikana, nayo ni kile kikata umeme kinachohisi uvujaji wa miliampea 30 na kuzima bila kusubiri ardhi itoe maoni. Ni kifaa cha kununuliwa mara moja, na katika makazi tuliyoyaelezea ni adimu kuliko heroe.

Kuhusu kufifia kwa taa kila mashine ya kukamua alizeti inapowashwa, viwango vina kifungu chake, na mtafiti ana neno fupi: mota kubwa huvuta pumzi ndefu inapoanza, na laini ndefu yenye waya mwembamba haina pumzi ya kugawa. Majirani wa mashine hawahitaji saa.

Inabaki himaya ya ziada, ile ambayo hatukuitaka, kwa sababu inaharibu nne zilizotangulia. Ni ya Waliotengenezwa. Cheti, pale kinapokuwepo, ni cha sampuli iliyopelekwa maabara siku moja, kabla ya kifaa kuanza kuishi. Mwankoko kifaa huishi baada ya cheti, miaka mingi, na hupita mikononi mwa fundi mara kwa mara. Kuna ganda la OG lenye utumbo wa mchina. Kuna fyuzi iliyokufa ikazikwa, na juu ya kaburi lake pakapitishwa uzi mmoja wa shaba. Kuna kapasita ya Y iliyong'olewa na badala yake ikawekwa ya kawaida, iliyotoka kwenye redio mbovu, ambayo ikifa haina desturi ya kukatika. Nani ataitwa kujibu hapo? Mtengenezaji atasema si chaja yake tena, na atakuwa amesema kweli. TBS itasema haikukagua kibanda. Muuzaji alikwishahamia Manyoni. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutoa leseni kwa mafundi wanaotandaza nyaya za nyumba, kwa madaraja ya herufi, lakini fundi wa kufungua chaja hayumo kwenye herufi hizo.

Tulimsikiliza mmoja wao akihudumia mteja, nasi tunaweka mazungumzo hayo hapa yakiwa sampuli ya mwisho.

"Fundi, hii chaja yangu inanitekenya. Nzito, nzuri, ila inatekenya."

"Hiyo ndogo, mama. Nipe dakika tano." Akaipasua kwa bisibisi, akachungulia, akakiona kidude cha bluu kilichokaa peke yake kati ya pande mbili, akakinyofoa kwa koleo, akalibana ganda kwa gundi. "Shika sasa."

Mama akavua kandambili, akakanyaga saruji, akaishika simu. "Haitekenyi tena!"

"Kidude chenyewe hiki hapa. Wanaviweka tu, havina kazi."

Akalipa elfu moja, akamshukuru sana, akaondoka. Jioni ile redio ya jirani yake ilianza kukoroma tangu magharibi, na kwa kauli moja baraza zima likawalaumu TANESCO.